Sale lililogusa dari

Sale huingia sebuleni likiwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza: shina moja lililonyooka, na juu yake shungi la majani marefu yanayoinama kama ya muhindi. Miaka inapita, na siku moja mwenye nyumba anaona kwamba limegusa dari. Majani ya juu yamepinda kwa kukosa pa kwenda. Ya chini yalikwisha kudondoka moja moja, na kinachomkabili mgeni akiketi ni fimbo tupu yenye makovu ya mviringo kuanzia kwenye udongo hadi usawa wa kichwa. Nyumba nyingi, zikifika hapo, hulitoa sale nje, nalo linababuliwa na jua la mchana. Nyingine hulikata kwa panga, kisha kwa kulihurumia hulimwagilia maji kila siku mpaka linaoza. Hasara zote mbili zinaepukika. Katika mimea mikubwa inayofugwa ndani ni michache inayovumilia kukatwa kuliko sale, na siri ya uvumilivu huo imo ndani ya shina lenyewe.

Jina lake la kitaalamu ni Dracaena fragrans. Carl Linnaeus wa Uswidi alilieleza mwaka 1762 akaliita Aletris fragrans, na mwaka 1808 Mwingereza John Bellenden Ker Gawler akalihamishia kwenye jenasi lililomo hadi leo. Fragrans ni neno la Kilatini lenye maana ya kunukia, kwa ajili ya maua yake meupe yanayofunguka usiku. Vitabu vya Ulaya vililipokea kama mmea wa ugenini, lakini kwao ni huku. Humea porini katika Afrika ya kitropiki, kutoka Sudan kushuka hadi Msumbiji, na upande wa magharibi hadi Côte d'Ivoire na Angola, hasa kwenye misitu ya miinuko kati ya mita 600 na 2,250. Huko hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa kuliko lenyewe, hufikia mita 15, na jani lake moja linaweza kuzidi urefu wa mita. Basi kilichomo ndani ya chungu pembeni ya kochi ni mti wa msituni uliozuiwa na ufinyu wa udongo. Kuupogoa si kuuonea, maana bila kupogolewa hakuna nyumba itakayoutosha.

Wachaga wa Kilimanjaro hupanda masale kuzunguka kihamba, yaani shamba la nyumbani, na mstari wa masale ndio mpaka kati ya jirani na jirani, hata kati ya ndugu na ndugu. Jani lake hushikwa mkononi na mtu anayekwenda kuomba msamaha, na aliyekosewa akiletewa jani hilo huona vigumu kukataa. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Buganda, mmea huohuo huitwa oluwaanyi na kazi yake ni hiyohiyo ya kutenga mashamba. Mila hizi zina elimu ya kilimo ndani yake. Mpaka ni lazima uishi kuliko waliouweka. Ng'ombe ataukwangua, jembe litaugonga, moto wa majani makavu utaupitia, na bado watoto wa watoto wanatakiwa waukute palepale. Kwa hiyo ulitafutwa mmea ambao fimbo yake tupu, ikikatwa na kuchomekwa ardhini wakati wa mvua, hushika mizizi. Na ukikatwa juu, huchipua chini ya kidonda. Sifa hiyo ndiyo anayoitegemea mtu wa mjini anaposhika msumeno mbele ya sale lake, ajue au asijue.

Tanzania inahusika na mmea huu kwa njia nyingine pia. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, kuna mahali panapoitwa Derema. Zama za Wajerumani, mtaalamu wa mimea Adolf Engler alitoa maelezo ya sale la huko, lenye majani membamba zaidi, akaliita Dracaena deremensis. Wataalamu wa leo wanalihesabu kuwa ni Dracaena fragrans ileile, lakini jina la Derema limebaki kwenye vibandiko vya vyungu katika maduka ya maua duniani, na aina kadhaa za majani yenye mistari myeupe zinazokaa maofisini zilitokana nalo. Aina inayojulikana zaidi majumbani ni ‘Massangeana’, yenye mstari mpana wa manjano katikati ya jani. Mashina yake hulimwa kwa wingi Amerika ya Kati, hasa Costa Rica na Guatemala, yakakatwa vipande kama kuni na kusafirishwa ng'ambo, yakiwa yamepakwa nta upande wa juu. Kwenye chungu kimoja hupangwa vipande vitatu vya urefu tofauti ili majani yajae kutoka chini hadi juu.

Jambo hilo la vipande vitatu si la kupita haraka, kwa sababu ndilo huwachanganya wengi siku ya kupogoa. Sale la aina hiyo si mmea mmoja wenye matawi matatu. Ni mimea mitatu iliyozikwa pamoja, kila mmoja na mizizi yake. Kuukata mrefu hakuulazimishi mfupi kuchipua, na mmoja ukioza si lazima wenzake wafuate. Zaidi ya hayo, fimbo nene yenyewe haitarefuka tena, kwani ncha yake ilikatwa zamani kule shambani. Kinachorefuka ni matawi yaliyotokea ubavuni karibu na kilele chake. Sale lililooteshwa kutokana na shungi, kwa upande wake, lina shina moja linaloendelea bila kukatika, na ncha yake ya asili bado iko hai katikati ya shungi.

Ncha hiyo ndiyo mtawala wa mmea. Chini ya kila kovu la jani lililodondoka kuna jicho dogo lililolala, ambalo likiamka linaweza kuwa tawi kamili. Haliamki kwa sababu ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia macho ya chini. Charles Darwin na mwanawe Francis walikwishaona mwaka 1880 kwamba kuna amri inayotoka kwenye ncha ya mche kwenda sehemu za chini. Miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog wakaonyesha kuwa auksini ikiwekwa badala ya ncha iliyokatwa, macho ya pembeni huendelea kulala. Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza kwamba sukari nayo ina sehemu yake: ncha huvuta chakula kingi, na ikiondolewa, chakula hicho huyafikia macho yaliyokuwa na njaa. Mkato mmoja, kwa hiyo, hufanya mambo mawili kwa mpigo. Huondoa amri ya kulala na huacha chakula mezani.

Si kila mmea mrefu wa ndani una akiba hii, na ni vyema tofauti ijulikane kabla ya chombo kushikwa. Watu wa pwani wanafahamu kwamba mnazi uliokatwa kichwa umekufa, kwa kuwa moyo wake ni mmoja tu, na hauna jicho la akiba kwenye shina zima. Mitende midogo inayowekwa vyumbani ina tabia hiyohiyo: huondolewa makuti makavu tu, au shina zima hukatwa chini ili mashina mengine ya kichaka hichohicho yapate nafasi. Sale lina undugu wa mbali na mimea hiyo, kwa maana mbegu zao zote huota na jani moja la kwanza, lakini limejaliwa mambo mawili ambayo mnazi hauna: macho ya akiba kila kovu, na tabaka la seli chini ya gome linaloendelea kulinenepesha shina mwaka hata mwaka.

Wakati wa kukata huamuliwa na joto kuliko kalenda. Kwenye nchi za baridi husubiriwa majira ya kuchipua, miezi ya Machi hadi Mei. Pwani ya Afrika Mashariki hali ya hewa huruhusu karibu mwaka mzima, na mwanzo wa masika ni bora kuliko wakati wowote kwa kuwa hewa ina unyevu na vipande vitakavyokatwa vitashika mizizi bila kubembelezwa. Nairobi, Arusha, Mbeya na Lushoto ni heri kungoja baridi ya Juni na Julai ipite. Jicho lililoamshwa kwenye baridi hukaa wiki nyingi bila kusogea, na ndani ya wiki hizo udongo wenye maji hufanya kazi yake mbaya.

Kabla ya kukata, afya ya shina hupimwa kwa vidole. Shina zima huwa gumu kama mpini wa jembe. Likibonyea, au gome likiteleza na kutoa harufu ya kitu kilichovunda, ugonjwa umo ndani na mpango hubadilika: hapo halikatwi kwa ajili ya umbo, hukatwa kuuokoa mmea. Sale dhaifu, lililopoteza majani mengi kwa ukame au kwa kukaa gizani, hupewa kwanza miezi miwili ya mwanga mzuri. Gogo lisilo na jani hata moja huishi kwa wanga uliohifadhiwa shinani na mizizini, na ghala tupu halitoi kitu.

Mahali pa kukata ndipo penye kosa la kawaida kuliko yote. Mtu hupima urefu anaoutaka sale liwe nao, akakata hapohapo, na mwaka unaofuata anashangaa limemzidi tena. Mashungi mapya huanza karibu mara tu chini ya mkato, na majani yake yakishajitandaza huongeza nusu mita au zaidi. Anayetaka sale liishie kwenye usawa wa dirisha la juu, mita mbili, hana budi akate kwenye mita moja na nusu, au chini ya hapo. Hakuna hofu ya kushuka. Shina lenye afya huchipua hata likibakizwa sentimita 30 juu ya udongo, na wengi waliokata juu kwa woga hulazimika kurudia kazi. Ndani ya eneo lililochaguliwa hutafutwa kovu la jani, ule mstari mwembamba unaoizunguka fimbo kama pete, na mkato huwekwa sentimita moja au mbili juu yake. Kisiki kirefu kisicho na jicho hukauka na kubaki kama msumari uliosahaulika ukutani.

Sale la vipande vitatu lina njia mbili. Ya kwanza ni kukata matawi yaliyorefuka, kila tawi likibakiziwa sentimita kadhaa zenye makovu mawili matatu. Ya pili, kwa fimbo yenyewe iliyopanda mno, ni kuikata fimbo chini ya matawi yake, macho ya chini yaamke. Busara ni kutozikata zote siku moja. Ndefu hukatwa kwanza, na ya pili baada ya miezi miwili, wakati ya kwanza imekwisha kuchipua. Hivyo chungu hakikosi majani ya kunyonya maji na kutengeneza chakula, na macho ya wenye nyumba nayo hayakosi kitu cha kutazama.

Shina jembamba kama kidole gumba humezwa na mkasi wa kupogolea. Lililo nene kama mkono wa mtoto huhitaji msumeno wa meno madogo, na panga halifai hata likinolewa vipi, kwa kuwa hupasua shina kwenda chini, na maji na vijidudu hupita kwenye ufa. Chombo hufutwa kwa spiriti kabla ya kuanza na kila kinapohamia shina jingine. Shina hushikwa kwa mkono chini ya mkato lisiyumbe mizizini. Mtu mwingine hulishika shungi, kwani lina uzito kuliko linavyoonekana na likianguka lenyewe mwishoni huchana gome. Msumeno ukipita, gome jembamba la kijivu hufunguka kwanza, kisha nyama nyeupe yenye unyevu na nyuzinyuzi, ikitoa harufu ya muwa mbichi usio na sukari. Hakuna utomvu mweupe kama wa mpira. Ndugu yake wa kisiwa cha Socotra hutoa utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita damu ya ndugu wawili, na umeuzwa bandarini kwa karne nyingi kama dawa na rangi, lakini sale la sebuleni halitiririki hivyo. Mkato huinamishwa kidogo ili maji yasituame juu. Kidonda huachwa kikauke kwa hewa, au hupakwa tone la nta ya mshumaa iliyopoa kidogo, kama wafanyavyo wakulima wa Costa Rica. Nta hupunguza kukauka kwa ncha ya juu, ila si ya lazima.

Kinachofuata ndicho huamua sale litaishi au halitaishi, nacho ni maji. Mmea uliokuwa na majani 40 na sasa una machache, au hauna kabisa, hauna mahali pa kupeleka maji. Udongo uliokuwa ukikauka kwa wiki moja sasa hukauka kwa wiki tatu. Mwenye nyumba anayeendelea na kipimo chake cha zamani huizamisha mizizi. Hewa huisha udongoni, mizizi hugeuka kahawia na kulainika, uozo hupanda shinani, na lawama hutupiwa msumeno. Baada ya kupogoa, maji hayatolewi mpaka kidole kikizama udongoni hadi kifundo cha pili kisikute unyevu. Sahani iliyo chini ya chungu humwagwa maji yake. Mbolea nayo husubiri mpaka majani mapya yafunguke; kumlisha asiye na mdomo hakumsaidii, na chumvi za mbolea hubaki udongoni kuunguza mizizi.

Mwanga uongezwe, jua la moja kwa moja lisilipate. Karibu na dirisha linalopokea jua la asubuhi, au nyuma ya pazia jepesi, panatosha. Kwenye joto la pwani, kati ya wiki ya pili na ya nne, gome chini ya mkato huanza kuvimba mahali pamoja au pawili, uvimbe mdogo kama punje ya mchele iliyofichwa chini ya kitambaa. Siku chache baadaye gome hupasuka na ncha ya kijani iliyobana hutokeza, kali kama ncha ya penseli. Huu ndio wakati ambao watu hulivunja jicho kwa kuligusagusa, nalo likivunjika halirudi. Kwa kawaida huamka macho mawili au matatu, mara nyingine manne. Yote yakiachwa hubanana na kupinda yakitafuta mwanga. Mawili au matatu yaliyo pande tofauti za shina huacha umbo zuri, na la ziada hung'olewa likiwa bado dogo, kwa vidole. Chungu huzungushwa robo duara kila wiki, vinginevyo matawi yote huelekea dirishani. Kwenye aina za majani yenye mistari, chipukizi likitokea la kijani kitupu huondolewa mapema, kwa kuwa lina nguvu kuliko wenzake wenye rangi na litawafunika.

Shungi lililokatwa halitupwi. Hupunguzwa shina lake hadi sentimita 15 au 20, majani ya chini huondolewa, na yaliyobaki yakiwa mengi mno hufungwa pamoja kwa uzi yasipoteze maji haraka. Hukaa kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha huchomekwa kwenye mchanganyiko mwepesi wa mchanga na udongo, au mchanga na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mizizi huanza baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Wengine huliweka kwenye chupa ya maji, nalo huota, mradi maji yabadilishwe kila baada ya siku chache. Fimbo iliyobaki hukatwa pingili za sentimita 10 hadi 15, na hapa umakini unatakiwa: juu ya kila pingili hutiwa alama ya chaki mara tu inapokatwa. Pingili ina juu na chini, nayo huzikumbuka. Ikipandwa kichwa chini hushindwa kuota sawasawa. Asiyekumbuka ipi ni juu huzilaza pingili ubavu, zikiwa zimezikwa nusu, na macho ya upande wa juu huchipua yenyewe. Sale moja la mita mbili hutoa kwa urahisi mimea mipya mitano au sita, na wauza maua wa kando ya barabara huanza vitalu vyao kwa njia hiyo.

Kwa anayeogopa kupoteza shungi, ipo njia ya kulitia mizizi likiwa bado juu. Mahali palipochaguliwa gome hukwanguliwa pete ya sentimita mbili, hufungwa makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, kisha hufunikwa kwa nailoni na kukazwa juu na chini. Baada ya miezi miwili hivi mizizi myeupe huonekana kupitia nailoni, na hapo shina hukatwa chini yake. Njia hii ni ya polepole, lakini haijui kukosea, na hufaa hasa kwa sale la thamani au la kumbukumbu.

Kwenye shina lililooza mambo hugeuka juu chini: kinachookolewa ni kichwa. Hukatwa vipande vyembamba kutoka kwenye uozo kwenda juu, msumeno ukifutwa kila mkato, mpaka nyama ionekane nyeupe yote bila doa la kahawia. Doa moja likiachwa, uozo huendelea. Sehemu safi hupandwa upya, na udongo wa zamani hautumiki tena. Vivyo hivyo shungi lililojaa vidung'ata hadi kwenye makwapa ya majani mara nyingine ni rahisi kulikata na kulichoma moto kuliko kulisafisha jani kwa jani.

Upogoaji mdogo, ule wa ncha za majani, ndio unaofanywa mara nyingi na kueleweka kidogo. Ncha hukauka na kuwa kahawia, mkasi hupita, na baada ya mwezi zimekauka tena. Chanzo mara nyingi ni maji yenyewe. Sale ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi na floridi. Madini hayo hupanda na maji kutoka mizizini, maji huvukizwa na jani, madini hubaki, na kwa kuwa safari huishia nchani, ndiko yanakolundikana na kuua. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na miteremko ya Mlima Meru maji ya visima na chemchemi yanapita hapo mbali, na meno ya kahawia ya wenyeji yanashuhudia. Kuyachemsha au kuyalaza usiku mzima hakusaidii, maana floridi haipai kama klorini. Maji ya mvua ndiyo dawa. Mbolea ya supafosfeti nayo huwa na floridi, hivyo haifai kwa masale, na chokaa kidogo udongoni hupunguza uwezo wa mizizi kuinyonya. Ncha zenyewe hukatwa kwa mkasi mkali kwa kufuata umbo la jani, ili jani libaki na ncha iliyochongoka, na huachwa uzi mwembamba wa kahawia. Mkasi ukiingia kwenye kijani, kidonda kipya hukauka na kahawia husogea ndani zaidi.

Majani na vipande vilivyokatwa visiachwe sakafuni penye paka au mbwa. Sale lina saponini, na mnyama aliyelitafuna hutapika, hutokwa na mate na kukataa chakula.

Mizizi nayo hupogolewa, na wengi husahau. Sale lililokaa chungu kimoja kwa miaka mingi huwa na mizizi ya rangi ya chungwa iliyojizungusha mpaka ikachukua umbo la chungu chenyewe. Mwenye nyumba asiyetaka chungu kikubwa zaidi hulitoa, hukata theluthi ya mizizi ya chini na ya pembeni kwa kisu, hutia udongo mpya na kulirudisha palepale. Kazi hiyo haifanywi siku moja na ya kukata shina. Mmea uliopoteza kichwa unahitaji mizizi yake, na uliopoteza mizizi unahitaji majani. Miezi mitatu au minne kati ya kazi hizo mbili inatosha.

Mara chache sale la ndani huchanua. Kikonyo kirefu hutoka katikati ya shungi, maua hufunguka jioni kwa wingi, na asali yake nzito hudondoka na kunata kwenye majani na sakafu. Harufu, ambayo msituni huwaita nondo, chumbani huwashinda wengine usiku wa pili. Kikonyo kinaweza kukatwa bila madhara. Hata kikiachwa, ncha iliyochanua haiendelei kukua, na macho yaliyo chini yake huamka yenyewe. Porini ndivyo sale linavyopata matawi: kila baada ya kuchanua linagawanyika.

Baada ya miaka mitatu au minne mashungi mapya nayo yatakuwa yamepanda. Upogoaji wa pili haurudi kwenye mkato wa kwanza. Tawi moja hukatwa juu kidogo ya chimbuko lake, likibakiziwa makovu mawili, na jingine huachwa hadi la kwanza lichipue. Kwa kupokezana hivyo sale hubaki na majani ya kimo tofauti mwaka wote, na shina la chini, ambalo halitaguswa tena, huendelea kunenepa.